Kitabu Kilificha Mdomo Tu

Juzi dada mmoja aliniandikia: "Mtumishi, nafunga, naomba, lakini moyo wangu bado mchafu. Nifanyeje?" Nilisoma ujumbe ule mara tatu kabla ya kujibu, maana maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mwenyewe nikiwa nimepiga magoti.

Niliongoza kwaya miaka tisa. Niliikuta na watu wanane, nikaiacha na zaidi ya arobaini, na hilo namshukuru Mungu kwalo bila kuona haya. Mazoezi sikukosa hata nikiwa na homa. Kisha siku moja baada ya ibada viongozi wakaniita, wakanieleza kwamba kuanzia mwezi unaofuata kwaya itaongozwa na binti ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kuimba sauti ya pili. Sababu hawakunipa. Mpaka leo hawajanipa. Nilisema "Amina", nikamkumbatia yule binti mbele ya watu wote, na watu wakasema dada huyu ana moyo wa pekee.

Jumapili yake ya tatu aliimba peke yake. Ubeti wa pili, pale wimbo unapopanda, sauti ikamkatika. Niliuona mkono wake ukitetemeka kwenye kipaza sauti. Mimi nilikuwa safu ya mbele, kitabu cha nyimbo nimekiinua hadi puani, kwa sababu nyuma yake nilikuwa natabasamu. Furaha ilikuja yenyewe, tamu, kama ya mtu aliyelipwa deni lake. Na hiyo ilikuwa siku yangu ya kumi ya kufunga.

Wapendwa, wengi wetu tukisikia "moyo safi" tunawaza uasherati peke yake. Soma Marko 7:21-22. Yesu anataja yatokayo moyoni, na katika orodha ile ile yenye uuaji na uzinzi kipo kijicho. Kipo kiburi pia. Mimi kwenye uzinzi nilikuwa salama, basi nikajihesabu msafi.

Katika Mathayo 5:8, "Heri wenye moyo safi", neno la Kigiriki ni *katharos*, na ndani yake mna wazo la kitu kisichochanganyika na kingine. Ndiyo maana Yakobo 4:8 anawaagiza wenye nia mbili waisafishe mioyo yao. Nia mbili! Mimi nilitaka Mungu atukuzwe, na nilitaka nionekane mimi ninapomtukuza. Miaka tisa nimezibeba zote mbili katika wimbo mmoja.

Kufunga si kubaya, nisieleweke vibaya. John Wesley, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti, alikuwa kasisi tangu 1728, na kule Chuo Kikuu cha Oxford yeye na wenzake walikuwa na desturi ya kufunga, lakini ni jioni ya tarehe 24 Mei 1738, London, ndipo alipoona moyo wake umepata joto la ajabu, akamtumaini Kristo peke yake kwa wokovu. Daudi naye katika Zaburi 51:10 haombi moyo wake upigwe kiraka. Anasema "uniumbie", na kitenzi cha Kiebrania hapo ni kile kile cha Mwanzo 1:1, Mungu alipoumba mbingu na nchi. Kazi hiyo hatuiwezi sisi. Sisi tunaweza kuacha kuficha.

Miezi iliyofuata sitaieleza. Nilimwendea yule binti, viganja vimelowa jasho, nikamwambia: "Siku ile sauti ilipokukatika, mimi nilifurahi. Nisamehe." Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Nilikuona, dada. Kitabu kilificha mdomo tu."

Alikuwa amejua muda wote, na bado alikuwa akinisalimia kwa heshima kila Jumapili.

Kwa hiyo, dada uliyeniandikia, acha kuomba "Bwana, nisamehe dhambi zangu zote" halafu ukalale. Zipi? Itaje kwa jina lake. Kama ni kijicho, sema kijicho, mtaje na mtu unayemwonea. 1 Yohana 1:9 inasema tukiziungama, Yeye ni mwaminifu kutuondolea na kutusafisha. Ungama. Kama kuna mtu uliyemkosea, mwendee. Kesho ungama tena, maana moyo hurudia njia yake ya zamani, na wewe usichoke kurudi. Unaimba, unahubiri, unafundisha watoto, na ndani umemfungia mtu mlango? Mbele za Mungu hakuna kitabu cha kuinua hadi puani.

Mimi mwenyewe nimetaja majina jana usiku. Wale viongozi walioniita siku ile nimewasamehe mmoja mmoja, kwa machozi, kila mmoja kwa siku yake. Amebaki mmoja.