Mkandarasi mkuu hajanilipa, naweza kuidai nyumba?

Pole ndugu. Umepaka rangi nyumba huko California, mkandarasi mkuu anakupiga chenga, na unauliza kama unaweza kuibana nyumba yenyewe. Unaweza, kwa lieni ya fundi, yaani dai la malipo linalosajiliwa juu ya nyumba yenyewe, ila kazi inayotaka leseni ukiifanya bila leseni huna dai. Ilani ya awali, yaani barua ya kumjulisha kuwa unafanya kazi kwenye nyumba yake na unaweza kuidai, ulimpelekea mwenye nyumba ndani ya siku 20 tangu uanze? Ukichelewa, inashika kazi ya siku 20 zilizoitangulia na kuendelea tu. Sajili lieni kwenye kaunti ndani ya siku 90 baada ya ujenzi kukamilika. Mwenye nyumba akisajili taarifa ya kukamilika, wewe unabaki na siku 30 tangu aisajili. Kisha fungua kesi, ndani ya siku 90 tangu usajili lieni. Zile meseji za mkandarasi za “Ijumaa nakutumia” hazisimamishi kalenda.