Tusi moja kwa trafiki, usiku mzima mahabusu

Juzi kijana mmoja wa bodaboda kaniandikia: "Mama, Marekani watu wanawatukana polisi mchana kweupe na hawafanywi kitu. Sisi mbona tunaonewa?" Nikacheka, halafu nikanyamaza. Jibu la swali hilo nililipata sakafuni.

Ya Marekani ni kweli kwa kiasi chake. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya kule ilibatilisha sheria ya jiji la Houston iliyokataza kumkatiza askari kazini hata kwa maneno matupu. Lakini wewe, mwanangu, hauko Houston. Hapa Tanzania kuna Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 89: lugha ya matusi inayoweza kuleta uvunjifu wa amani, kifungo hadi miezi sita.

Yangu ilikuwa Ijumaa. Magunia manane ya mchele kwenye kirikuu, mimi nimekaa mbele na dereva. Trafiki akatusimamisha, akakagua weee, mwisho akakuta mtungi wa kuzimia moto umepitwa na tarehe. Faini shilingi 30,000. Kosa letu, sikatai. Ila huku anaandika akamuuliza dereva, "Hiki kimama kinaringia nini?"

Hapo nikateleza. "Njaa zako wewe mbwa, kazilie kwenu!"

Wala hakukasirika. Alifunga kalamu taratibu, akaichomeka mfukoni, akasogea dirishani. "Rudia, mama." Na mimi kwa ujeuri wangu nikarudia, daladala nzima iliyosimama kando yetu inasikiliza!

Kituoni nilivua hereni, viatu, mkanda, hadi vibanio vya nywele, kila kimoja kikaandikwa. Ukutani wamebandika tangazo kwamba dhamana ni bure. Sawa ni bure, ila mkubwa wa kuitoa alikuwa "ametoka kidogo", na hicho kidogo kikafika Jumamosi adhuhuri, shemeji alipokuja kunichukua bila kuniambia neno. Mchele ulifika, lakini mteja alikuwa keshanunua kwingine. Kesi haikwenda mahakamani. Niliomba radhi, wakaniambia nenda.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba radhi niliomba peke yangu. Kifungu hicho hakimtaji askari popote, kinasema mtu mwingine yeyote. Maana yake na mimi nilikuwa nalindwa nacho, sema mdomo wangu ulikimbia kuliko akili.

Kwa hiyo nisikilizeni, hasa nyie wa barabarani mnaodhani ukali ni ushujaa. Uliza kosa ni lipi. Uliza jina lake na namba yake. Mwambie, "Afande, kosa hili silikubali, tukutane mahakamani." Hakuna tusi hapo. Akikutolea yeye la nguoni, kariri maneno yake na muda, ukalalamike kwa mkubwa wake. Ukipandwa na hasira, uliza tena, kwa sauti ya chini. Na mkono usiinuke kabisa: kumshambulia au kumzuia askari aliye kazini ni kifungu cha 243, na hapo tunazungumzia miaka mitano, si usiku mmoja.

Trafiki wangu bado anasimama pale pale. Siku hizi akiona kirikuu anainama dirishani, "Shikamoo, mama mchele."

"Marahaba," namjibu, na mtungi nimeupakata mapajani.