Mashine ya santuri ya mkono wa reli: usikubali kuambiwa imekufa

Kijana mmoja wa Nkuhungu kaniandikia: "Kaka, kuna mtu ananiuzia mashine ya santuri, Technics SL-10. Sahani inazunguka ila mkono wa sindano hautembei. Fundi anasema imekufa. Niichukue?"

Ichukue, mdogo wangu. Ichukue leo.

Naongea kwa moto kwa sababu maneno hayo niliambiwa mimi. Yangu niliipakata kwenye SGR kutoka Dar hadi Dodoma, nikaipeleka kwa fundi hapa mjini. Hakugusa hata skrubu moja. Akasema mbele ya wateja kwamba nimebeba skrepa, wakacheka wote. Mpaka leo inaniuma. Mashine yenyewe sasa iko sebuleni kwangu Kisasa, na Mbaraka Mwinshehe anapiga gitaa humo kila Jumapili.

Wengi hawajui walichonacho. Santuri inapokatwa kiwandani, kichwa cha kukatia husafiri mstari ulionyooka kutoka ukingoni kwenda katikati. Mkono wa kawaida umefungwa upande mmoja, kwa hiyo unapita kwa upinde, na sindano inakaa sawa na mfereji sehemu mbili tu za santuri nzima. Kwingine imepinda kidogo. Mkono wa reli, ambao wote huteleza juu ya reli iliyonyooka, unafuata njia ileile ya kichwa kilichokata. Bang & Olufsen walitoa Beogram 4000 mwaka 1972 kwa mtindo huo, kisha Technics wakaja na SL-10, ndogo kiasi cha jaketi la LP, mkono ukiwa ndani ya kifuniko. Sikiliza nyimbo za mwisho wa upande, pale ambapo mashine nyingi huanza kukwaruza sauti ya mwimbaji. Hapo ndipo utanielewa.

Sasa huo mkono usiotembea. Unavutwa na mota ndogo kupitia mkanda wa mpira mwembamba. Mpira ukikaa miaka arobaini hulegea, na grisi ya kwenye reli hukauka ikawa kama gundi. Nilifungua mwenyewe, nikafuta grisi ya zamani kwa pamba na spiriti, nikapaka mafuta mepesi, nikaweka mkanda mpya. Mkono ukateleza. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Basi safisha reli. Kabla hujalaumu mota, safisha reli. Na kwa vumbi letu la Dodoma wakati wa kiangazi, funika mashine kila ukimaliza, kisha safisha reli tena. Sindano isikutishe: katriji za aina hii, yaani vile vichwa vidogo vinavyobeba sindano, ni za kuchomeka na kukaza skrubu moja, na uzito wa sindano kukandamiza santuri umepangwa tayari, gramu 1.25.

Vijana wenzangu, tumezoea kutupa. Kitu kikikwama kidogo tunakimbilia kipya, na fundi asiyetaka kujifunza anatusindikiza. Wazazi wetu walitunza redio miaka na miaka. Acheni kuogopa bisibisi! Ukimsikiliza kila anayekukatisha tamaa, utaishi na spika za simu hadi uzeeni.

Wewe wa Nkuhungu, kabla ya kuchomeka chochote geuza mashine usome kibati cha nyuma. Kikisema volti 100 ni ya soko la Japani, na umeme wetu wa 230 utaiunguza, kwa hiyo tafuta kwanza transfoma ya kushusha. Nitumie picha ya hicho kibati leo jioni.