Jibu: Wanafunzi wanaopoteza ncha ya sindano

Pole mwalimu. Hilo la wanafunzi kufanya biopsi ya titi (kuchukua kipande kidogo cha nyama kwa sindano ili kipimwe) huku ncha ya sindano haionekani kwenye ultrasaundi nimepambana nalo sana. Anza na kidari cha kuku kisicho na mfupa: kichane katikati, ficha zeituni ndani ziwe uvimbe, kisha funika kwa kidari kingine. Mwanafunzi akilenga vizuri, kipande kinachotoka kina rangi ya zeituni. Hahitaji kuambiwa kama amepata.

Kosa ninaloliona zaidi ni kusogeza sindano na proba (kile kifaa cha ultrasaundi kinachoshikwa mkononi) kwa pamoja. Mkono mmoja utulie kwanza. Sindano ilazwe karibu sambamba na uso wa proba. Ikisimama wima, mwangwi haurudi vizuri na ncha inapotea. Kabla ya kufyatua springi inayorusha sindano ikate kipande, aseme kwa sauti ncha iko wapi na itaishia wapi, maana sindano nyingi za kufyatua huruka karibu sentimita 2 mbele. Kwa mgonjwa, nyuma ya titi kuna pafu.

Nyama mbichi ina vijidudu: vaeni glavu, funikeni proba, na sindano za mazoezi zisirudi kliniki kabisa. Na hata aliyefaulu kwa kuku, mgonjwa wake wa kwanza amhudumie chini ya usimamizi wa daktari mzoefu.