Tieguanyin inayogeuka chungu: acha maji yatokote, rekebisha mmimino

Mkuu, umesema majani ni Tieguanyin ya Anxi, chai ya oolong (iliyo kati ya kijani na nyeusi) kutoka mkoa wa Fujian, China, zile pakiti ndogo zilizotolewa hewa. Kikombe cha kwanza kinanukia maua, cha tatu ni kichungu na kinanuka mchicha uliochemka. Ukashauriwa ushushe joto la maji hadi nyuzi 80.

Ushauri huo ni wa chai za kijani kama Longjing, ambazo ni machipukizi machanga. Tieguanyin huchumwa jani likiwa limeshafunguka na kukaza, halafu hufungwa kwenye kitambaa na kusokotwa tena na tena mpaka liwe punje ngumu. Nyuzi 80 haziifungui punje. Utapata harufu ya juujuu na maji mepesi yasiyo na kitu. Tumia yanayotokota. Aliye Nairobi au miji mingine ya nyanda za juu ajue kuwa yake yanatokota kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo apashe chombo vizuri na aongeze sekunde 5 hadi 10 kila mmimino, yaani kila mara anapotia maji kwenye majani na kuyamimina. Maji ya kisima yenye chumvi, kama yale ya sehemu nyingi za pwani, yasahau kabisa: yanaua harufu kabla hujaanza.

Chombo ni gaiwani, kibakuli chenye kifuniko na kisahani, cha mililita 110. Pakiti nyingi huwa na gramu 7 au 8, na kipimo hicho ni cha kibakuli hicho, si cha birika la familia. Punje kavu hufunika kitako tu, na hapo ndipo watu hudanganyika wakaongeza. Zikishafunguka zinajaa hadi kunyanyua kifuniko, na maji yananaswa katikati ya majani. Kibakuli cha mililita 80 kinataka gramu 5. Kwa kikombe kikubwa cha mililita 250, gramu 3 kwa dakika 4, kisha toa majani.

Pasha gaiwani kwa maji ya moto, mwaga, tia majani, funika, tikisa mara mbili, kisha nusa. Hapa ndipo chai inapojieleza. Wachina huifananisha harufu hii na ua la okidi. Kwa mtu wa pwani, asumini iko karibu zaidi. Si mfano wa kubahatisha: majani yanapotikiswa usiku kucha kiwandani hujeruhika na kutengeneza indoli, kemikali ya harufu ambayo imo pia ndani ya asumini yenyewe. Ukinusa majani makavu yaliyopata joto na hupati chochote ila nyasi, usijilaumu kwa upishi. Majani yamechakaa.

Mmimino wa kwanza ni wa kuamsha: jaza, mwaga ndani ya sekunde 5. Wa kunywa wa kwanza sekunde 20, wa pili 15 kwa sababu punje sasa zimefunguka, wa tatu 20, wa nne 30, wa tano 45, halafu dakika moja na kuendelea. Majani mazuri hufika mara saba bila kulalamika.

Sasa tatizo lako. Nina hakika karibu yote kwamba huimalizi. Ukimimina, inua gaiwani hadi tone la mwisho. Vijiko viwili vya maji vikibaki chini vinaendelea kukamua majani wakati wewe unakunywa, na uchungu wake unaingia kikombe kinachofuata, kisha kinachofuata. Hicho ndicho kikombe chako cha tatu. Harufu ya mchicha inatoka kwenye kifuniko: ukikirudisha juu ya majani yaliyolowa, yanajipika kwa mvuke wake. Kati ya mmimino na mmimino kiache pembeni, au kikae upande pabaki mwanya wa kutoa mvuke.

Ukionja, tofautisha uchungu na ukakasi. Uchungu kidogo unaoondoka upesi na kuacha utamu kooni ni sifa. Ukakasi unaokaa kwenye ulimi kama umetafuna ndizi mbichi ni kasoro, mara nyingi ya muda au ya majani mengi. Uchachu mwembamba usikutishe: wapo watengenezaji wa Anxi wanaochelewesha makusudi kukaanga majani siku ya pili ili uchachu huo upatikane. Mimi siupendi, lakini wenyewe wanaulipia. Uchachu wa kitu kilicholala ni jambo jingine, na pua italitambua bila kufundishwa.

Ukitaka kupima pakiti mbili bila upendeleo, fuata njia ya waonjaji wa China: gramu 5 kwa mililita 110, maji yanayotokota, dakika 2, kisha 3, kisha 5. Nusa kifuniko kabla ya kuonja. Ni kali sana kwa kunywa, lakini kasoro haina pa kujificha.

Tandaza majani yaliyokwisha kwenye sahani. Kingo zilizochanika si dalili ya uzembe. Katika mtindo huu wa kijani, yaani Tieguanyin isiyoachwa igeuke rangi sana, kingo zilizopata wekundu hupigwa zikang'oka ili maji yabaki meupe. Jani liwe nene, linaloteleza kidoleni. Likiwa jembamba, huenda umeuziwa Benshan au Maoxie, ndugu zake wa bei nafuu wa hapohapo Anxi. Na asilimia ya oksidisho (kiasi jani lilivyogeuzwa na hewa) iliyochapwa kwenye pakiti usiihangaikie, ni makadirio tu.

Kuhusu hifadhi: kwa joto la Dar au Mombasa, pakiti iliyoachwa kabatini hupoteza maua ndani ya miezi michache. Iweke kwenye friza, ndani ya mfuko mwingine uliofungwa, mbali na samaki. Kabla ya kuifungua, itoe na uiache saa kadhaa ipate joto la chumba. Ukiikata ikiwa baridi, unyevu wa hewa unatua kwenye punje na wiki hiyohiyo zinaharibika. Zilizokwisha kupoteza harufu zitie gramu 5 kwenye nusu lita ya maji baridi, ziache kwenye friji usiku mzima. Maua hayarudi, ila utamu uliobaki unatoka bila ukakasi.