Hesabu za Nyumbani: Miamala ya Aprili imetawanyika, bei ya hisa haiji

SWALI: Dada, habari za kazi. Hesabu za familia natunza kwa GnuCash, programu ya hesabu ya kompyuta. Nina hisa za CRDB, lakini kila nikiomba bei mtandaoni programu inajibu kwamba haikuipata. Chanzo cha bei nilichochagua ni cha masoko ya Marekani. Halafu nimeingiza taarifa ya benki ya Aprili kwa faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu. Miamala mingine imekataliwa, mingine imeangukia Januari, na mingine Desemba ambayo haijafika. Nianze na lipi? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Kaka yangu, anza na benki. Bei ya hisa ikikosekana, kinachoyumba ni thamani unayoiona leo tu. Idadi ya hisa na fedha ulizolipa hazijaguswa. Taarifa ya benki iliyoingia vibaya inaharibu daftari lenyewe.

Tazama miamala iliyopotea njia. Bila shaka yote imekaa tarehe 4. Benki iliandika 01/04 ikimaanisha Aprili mosi, programu ikasoma Januari 4. Tarehe 12/04 ikawa Desemba 4. Kuanzia 13/04 ikashindwa kabisa, kwa sababu hakuna mwezi wa 13, ndiyo maana ikaikataa. Ungekuwa umeingiza siku kumi za mwanzo tu, usingeonywa chochote, na hilo ndilo linalonitia hofu zaidi.

Tafadhali usikae kurekebisha mmoja mmoja. Kwenye folda lilimo faili lako la hesabu kuna nakala zenye tarehe na saa kwenye majina yao. Kama hukubadilisha mipangilio, GnuCash huzitunza siku 30. Fungua ile ya kabla hujaingiza taarifa. Ulichoandika kwa mkono baada ya hapo utakiandika upya. Kisha ingiza CSV tena, na kabla ya kukubali chagua mpangilio wa siku-mwezi-mwaka. Tumia faili kama lilivyotoka benki: ukilifungua kwenye Excel na kulihifadhi, tarehe zinaweza kugeuzwa kufuata mipangilio ya kompyuta. Ukimaliza, linganisha salio na mstari wa mwisho wa taarifa. Hata shilingi mia ikipungua, itafute.

Sasa hisa. Chanzo cha Marekani hakiijui CRDB ya Soko la Hisa la Dar es Salaam, hata ukibadilisha alama yake (herufi fupi zinazoitambulisha hisa) mara ngapi. Ondoa tiki ya kutafuta bei mtandaoni kwenye hisa hiyo, kisha andika bei kwa mkono katika orodha ya bei za programu. Soko hutangaza bei za kufungia kila siku ya biashara. Kwa mtu anayeshikilia hisa akingoja gawio, bei ya mwisho wa mwezi inatosha kabisa. Weka tarehe ya siku ya soko, hata kama unaiandika wiki moja baadaye, na sarafu iwe shilingi ya Tanzania.