Paswadi inakubaliwa halafu skrini inarudi palepale, nifanyeje?

Swali: Assalaam aleikum fundi. Mie nina saiba ndogo huku Likoni, si mbali na feri, kompyuta tano zote zina mfumo wa Debian na deskitopu ya Xfce. Moja ikiwaka inaishia kwenye yale maandishi meupe ya kuomba login, wateja wakiiona wanahama kiti. Nimezoea kuingia hapo halafu naandika sudo startx inafungua vizuri tu. Juzi nikaweka programu ya kuingilia inaitwa gdm3, ikawa nzito, nikaongeza na nyingine, lightdm. Sasa ukurasa wa kuingilia unatoka lakini mteja akiweka paswadi skrini inakuwa nyeusi kidogo kisha inarudi palepale kuomba paswadi tena. Nifute kila kitu nianze upya?

Jibu: Waaleikum salaam ndugu yangu. Usifute kitu, hiyo mashine iko karibu kupona, na wewe mwenyewe ushatoa dalili kubwa bila kujua, nitaifikia.

Kwanza elewa hii programu ya kuingilia ni bawabu. Anasimama mlangoni anakuuliza we nani, anahakikisha paswadi, halafu anakukabidhi kwa Xfce na kazi yake imekwisha. Ndo mambo yalivyo tangu bawabu wa zamani XDM alipotoka mwaka 1988 na toleo la tatu la X11, ule mfumo unaochora madirisha kwenye skrini, mlango mbali na nyumba mbali, ndo manake unaweza kubadilisha bawabu bila kugusa deskitopu. Wewe sasa una mabawabu wawili, gdm3 na lightdm, na mlango ni mmoja. Gdm3 ni ya watu wa GNOME, deskitopu nyingine, kwa mashine za saiba zenye Xfce mie nakushauri ubaki na lightdm, ni nyepesi na mafaili yake yanasomeka.

Bonyeza Ctrl+Alt+F2 upate ile skrini ya maandishi, ingia kwa jina lako, kisha uende hivi:

sudo apt install lightdm lightdm-gtk-greeter
sudo dpkg-reconfigure lightdm

Itakuuliza bawabu yupi, chagua lightdm. Hakikisha kwa cat /etc/X11/default-display-manager, lazima ikujibu /usr/sbin/lightdm. Ikishakujibu hivyo gdm3 unaweza kuitoa kwa sudo apt remove gdm3. Halafu systemctl get-default, ikikujibu multi-user.target basi mashine imeambiwa iwake bila picha, andika sudo systemctl set-default graphical.target.

Haya, sasa huo ugonjwa wa kurudishwa mlangoni. Paswadi haina shida, ingekuwa mbovu ungeambiwa imekosewa. Hapa bawabu kamfungulia mteja, mteja kaingia, ndani kukakosekana kitu cha kuanzia, akatolewa tena. Na wewe umesema sudo startx inafungua vizuri. Amri yenye sudo inaendeshwa na root, yule mwenye mamlaka yote kwenye mashine. Yaani root anaingia, mtu wa kawaida hawezi. Hiyo ndo dalili niliyosema.

Mie ningeanza na diski, kwa sababu saiba najua zinavyojaa, watu wanashusha muvi, wanaskani vitambulisho, wanaacha kila kitu humo humo. Andika df -h utazame mstari wa / na wa /home kama upo peke yake. Ukiona 100% umempata mchawi. Mtu akiingia lazima mashine iandike faili dogo linaitwa .Xauthority kwenye nyumba yake, yaani folda yake ndani ya /home, pakikosekana nafasi haliandikiki na deskitopu haianzi. Sasa mbona root anapita? Diski iliyopangwa kwa ext4, mpangilio wa kawaida wa mafaili kwenye Debian, kwa kawaida inamwekea root akiba ya asilimia 5, kwa hivyo mteja akiambiwa pamejaa yeye root bado ana nafasi ya kuandika. Watu wengi wanahangaika na lightdm siku nzima kumbe diski ndo imejaa, nakuomba uangalie hapo kabla hujagusa kitu kingine. Kusafisha anza na sudo apt clean, halafu sudo du -xh --max-depth=2 /home | sort -h, mizigo mikubwa itakuja chini kabisa. Hati za wateja usizifute kiholela, waulize kwanza, kuna mtu hapo kaacha fomu ya mtoto wake.

Diski ikiwa ina nafasi, tazama mwenye faili. Tuseme akaunti ya wateja inaitwa mteja: sudo ls -l /home/mteja/.Xauthority. Ukiona root ndo mwenye faili, huyo mteja hawezi kuliandika, na kwenye mashine nyingine mazoea ya sudo startx yanaacha alama kama hiyo. Lifute tu kwa sudo rm, akiingia tena litaandikwa jipya. Na hiyo sudo startx iache kabisa ndugu yangu, deskitopu nzima ikiendeshwa na root basi kila ukurasa wa intaneti unaofunguliwa hapo unafunguliwa na mwenye funguo zote.

Ukishamaliza, sudo systemctl restart lightdm, lakini kama kuna mtu ana kazi kwenye hiyo mashine mwambie asevu kwanza, itafungwa yote. Ikikataa bado, soma .xsession-errors ndani ya nyumba ya mteja, na /var/log/lightdm/lightdm.log, mistari ya mwisho mwisho ndo yenye habari.

Kitu kingine, Debian huwa inaficha majina ya watumiaji pale mlangoni, mteja anakuta kisanduku kitupu anashindwa aandike nini. Fungua /etc/lightdm/lightdm.conf, tafuta sehemu ya Seat:* huko chini, uwe na mstari greeter-hide-users=false, na ile alama ya # mbele yake uitoe, ikibaki mstari hausomwi.

Utaona pia autologin-user hapo hapo. Kwa kompyuta za wateja sawa, weka autologin-user=mteja, stima ikipotea ikirudi mashine inawaka mpaka deskitopu bila wewe kuzunguka viti vyote. Ile ya kwako yenye hesabu na kumbukumbu za wateja usiiweke, hata kama unakaa nayo mkono kwa mkono. Jaribu kwenye mashine moja siku mbili tatu, ikitulia ndo unakili hilo faili la lightdm.conf kwa zile nyingine.